Mgeni Hapingwi

Kahawa yetu ya kutafuna huchumwa ikiwa ya kijani. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu mgogoro wote ulitokea hapo, na kwa sababu nimelieleza katika ofisi nyingi mno, sasa naweza kulieleza hata usingizini. Tunda liwe limekomaa na kujaa, ila halijaanza kugeuka rangi. Unalichuma, unalichemsha pamoja na majani ya kunukia, unalianika juani, kisha unalipandisha kwenye uchaga juu ya mafiga likolee moshi. Unapata punje nyeusi, kavu, chungu kidogo mwanzoni, halafu utamu wake unakuja taratibu wakati umeshaanza kuongea mambo mengine.

Watu wa mikoa mingine wakiuziwa kifurushi pale stendi ya Bukoba huuliza inatibu nini. Haitibu kitu. Ni ya mgeni. Mgeni akiingia nyumbani, kabla hujamuuliza habari za huko atokako, unamletea kikapu kidogo chenye kifuniko. Wewe mwenyeji unachukua punje ya kwanza na kuitafuna mbele yake, aone kwamba humo hamna baya, ndipo naye anachukua. Na akiaga haondoki mikono mitupu. Anafungiwa kifurushi kwa majani makavu ya mgomba, hata kama alikuja kukugombeza.

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii nilipoolewa Buganguzi, alikuwa na sheria moja juu ya hizo zote: mgeni hapingwi. Mgeni akisema leo mvua haitanyesha, na wewe umesimama mlangoni umelowa chapachapa, unamjibu, “Ndiyo, waitu,” kwa heshima zote, na unampisha akae. Akishaondoka mtasema mtakavyo. Nchi nzima hututania sisi Wahaya kwamba hatunyamazi, kwamba tukikaa wawili utasikia majigambo ya watu watano. Laiti wangetuona tukiwa na mgeni sebuleni. Tunakuwa wapole kama watoto wa komunyo ya kwanza.

Tulikuwa kikundi cha wanawake tukifanya kazi uani kwetu, chini ya migomba, kila mmoja na kahawa za kibanja chake. Soko letu lilikuwa Bukoba. Huko tulikuwa na mwenzetu, mjane Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani wakaja na biashara zao na kukaa. Ni mkubwa kwangu kwa miaka, namwita dada. Yeye ndiye aliyekuja kuchukua gunia na kulipeleka mjini, akafunga vifurushi na kuviuza stendi, sokoni na bandarini. Nyingine tuliziuza wenyewe siku za gulio kule Ngenge. Haikuwa biashara ya kumfanya mtu ajenge ghorofa, lakini ilikuwa yetu, na hakuna mwanamume aliyetuuliza tumeipeleka wapi.

Msimu mmoja ukaja mkazo mpya. Kahawa ilikuwa inavushwa mpaka kwa magendo, na wajanja walikuwa wanamnunulia mkulima mwenye shida kahawa yake ingali mtini, jambo tunaloliita butura. Serikali ikasema basi. Kahawa yote ipite chama cha msingi, asionekane mtu binafsi ameianika, ameihifadhi au anaisafirisha, na atakayechuma mbichi achukuliwe hatua. Mimi sikuwa na ugomvi na hilo. Butura imewaacha watu wetu wengi wakivuna kahawa isiyo yao katika vibanja vya baba zao. Lakini aliyeandika kanuni ile hakutukumbuka sisi, au alitukumbuka akaona tunaweza kungoja.

Dada alishushwa kwenye gari kizuizini, njia ya Bukoba, na gunia lake.

“Hiyo nini?”

“Kahawa ya kutafuna, baba.”

“Ni kahawa au si kahawa?”

“Ni kahawa, lakini ni ya—”

“Ilichumwa mbichi au imeiva?”

Dada hakuzaliwa kijijini, na uongo haujui. Akasema mbichi. Gunia likabaki kituoni kuwa kielelezo, naye akapewa dhamana na amri ya kuripoti kila Jumatatu mpaka wakubwa waamue kama kahawa ya kutafuna ni kahawa au ni chakula. Ikiwa ni chakula, hana kesi. Ikiwa ni kahawa, yeye ni mlanguzi. Mwanamke wa umri ule, mwenye wajukuu, aliyekuwa akiuza vifurushi vya majani ya mgomba.

Basi tulichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu: waiandike mahali kwamba kahawa ya kutafuna, iliyochumwa kijani na kuchemshwa, ni chakula. Mstari mmoja. Nikachaguliwa mimi kwenda kuuomba, kwa kuwa niliwahi kufundisha Kiswahili shule ya msingi na ilidhaniwa mtu wa namna hiyo hakosi maneno.

Nilianza kata, nikapelekwa wilayani. Pale Muleba nikaambiwa suala ni la kahawa, niende kwa watu wa kahawa. Watu wa kahawa wakasema mmeshaichemsha, hiyo sasa ni biashara, nendeni biashara. Biashara wakasema hawawezi kukitambua kitu ambacho sheria ya kahawa inakikataza, turudi kwa watu wa kahawa. Wote walikuwa waungwana. Hakuna aliyenifokea, na hilo ndilo lililonimaliza, maana mtu akikufokea unajua ukuta uko wapi. Mimi nilikuwa napigwa danadana na watu waliokuwa wakinivutia kiti.

Kuna bwana mmoja wilayani alinisomea kanuni yote, taratibu, kidole kikifuata mistari. Kila akifika kwenye koma alikuwa anahamisha kitu shavuni, kutoka kulia kwenda kushoto. Nikasikia harufu. Alikuwa anatafuna kahawa, tena ya kijani, tena iliyopigwa moshi vizuri. Nikamwangalia, naye akaona ninavyomwangalia, akameza.

“Hii ni ya nyumbani, mama,” akasema.

“Hata zetu ni za nyumbani, mheshimiwa.”

“Zenu zimepanda gari.”

Nilitoka pale nikicheka peke yangu barabarani, kicheko cha mtu aliyekasirika. Tatizo halikuwa kwamba hawatujui. Wangekuwa hawatujui ningewaeleza. Walikuwa wanatujua tangu matumboni mwa mama zao, na bado hapakuwa na mlango.

Hatimaye nikampata afisa mmoja wa Bukoba, wa ofisi iliyokuwa ikikusanya maoni ya wafanyabiashara wadogo kabla kanuni za msimu uliofuata hazijapitishwa. Alikuwa mtu wa makamo, Mhaya mwenzetu, mwenye sauti ya kwaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuwa nimesikilizwa mpaka mwisho tangu mambo haya yaanze, na nusura nilie. Akasema, “Mama, mambo haya mtu akikaa ofisini hawezi kuyaelewa.” Hapo nikapata wazo ambalo niliona ni la akili kuliko yote niliyowahi kuyapata. Nikamwalika nyumbani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wahenga. Nasi tulimwita mgeni ili tupone.

Mama mkwe alipata nguvu za ujana. Sebule ikatandikwa nyasi mpya. Ndizi zikachaguliwa mkungu kwa mkungu, samaki akatafutwa, jogoo aliyekuwa akingojewa Krismasi hakuiona Krismasi. Kila mwanamke wa kikundi alikuja na gauni lake la misa. Aliyekosekana ni dada peke yake, kwa kuwa afisa alichagua Jumatatu, na Jumatatu dada alikuwa kituoni Bukoba akiripoti. Nilisikitika, lakini si sana. Nilijisemea kwamba watu wa mjini wana haraka ya maneno, pengine ni heri.

Nikamletea afisa kikapu. Nikachukua punje ya kwanza, nikatafuna. Akachukua yake, akafumba macho.

“Hii,” akasema, “hii ni ya marehemu bibi yangu.”

Tukapiga vigelegele. Akazungushwa uani, akaona sufuria, akaona vichanja, akaona uchaga wa jikoni. Aliuliza maswali mazuri. Mama mkwe alimwonyesha hata majani ya kunukia, ambayo mimi mwenyewe nilionyeshwa baada ya kuzaa mtoto wa pili. Kisha akala, akala tena kwa kuhimizwa, akanawa, akaegemea kiti. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye nyasi, nyuso zote kwake. Ndipo akasema alilokuja nalo.

“Akina mama, mimi nawatetea. Lakini mnipe silaha. Kinachowaudhi wakubwa ni hii mbichi. Sasa kwa nini msitengeneze kwa kahawa nyekundu, iliyoiva? Mnainunua chama cha msingi, kwa risiti, mnachemsha, mnaanika kama kawaida. Hakuna atakayewagusa. Mnaonaje?”

Nataka nieleze kilichotokea humo ndani, kwa sababu nimekirudia kichwani mara nyingi na kila mara kinanipandisha hasira upya.

Hakuna mtu katika chumba kile ambaye hakujua kwamba jambo hilo haliwezekani. Kahawa iliyoiva ina sukari. Ukiichemsha ngozi inapasuka na utelezi wote unamwagika kwenye maji. Ukiianika inanata, inaita sisimizi na nzi, na ndani yake inachachuka. Mtoto wa darasa la pili Buganguzi anajua. Afisa mwenyewe, kama angemkumbuka vizuri huyo bibi yake, angejua. Ilitakiwa mtu mmoja aseme, “Hapana, mheshimiwa.” Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa anamtazama mgeni kwa tabasamu la mwenyeji. Mgeni alikuwa amekula kwetu, mikono yake bado ilikuwa na unyevu wa maji yetu.

“Ni wazo zuri, waitu,” nikasema.

Mama mkwe akaitikia, na wengine wakaitikia nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, kama litania.

Tukampiga picha na kikundi. Tukamfungia kifurushi, si kifurushi, mzigo, akauweka kiti cha nyuma. Gari lake la serikali lilipita kizuizi kile kile bila kusimamishwa. Naye alipoondoka tukakaa kwenye nyasi tukacheka: kahawa nyekundu! Mmoja akajifanya anatafuna huku sisimizi wanamtambaa midomoni. Tulicheka sana siku ile. Tulidhani tumemaliza naye, kwamba ameona, na kwamba mtu aliyefumba macho vile hawezi kwenda kusema vingine.

Mkutano wa wadau ulifanyika Bukoba, ukumbini, viti vimevalishwa vitambaa. Kila mtu aliwekewa chupa ya maji na kalamu. Nilikaa na dada. Afisa akasimama na sauti yake ya kwaya, akatutaja kwa heshima kubwa, akaonyesha ukutani ile picha yetu na magauni ya misa.

“Akina mama hawa nimefika kwao,” akasema. “Nimekula kwao. Na nawapongeza, kwa sababu wao wenyewe wamekubali kuachana na kahawa mbichi na kutumia iliyoiva.”

Ukumbi ukapiga makofi. Dada akanigeukia taratibu.

“Mmekubali?”

Akanifinya paja kwa nguvu, alama yake ilikaa siku kadhaa. Mwenyekiti akauliza kama akina mama wa Buganguzi wana la kuongeza, kipaza sauti kikaletwa mpaka kwenye mkono wangu. Nikasimama. Nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu nyumbani, yalikuwa yamejaa kifuani. Nikamwona afisa ananitabasamia, kwa moyo mweupe kabisa, mtu aliyetutendea wema. Nikaona chupa ya maji waliyonipa, niliyokwisha kuinywa nusu. Nikawaza: nikisema si kweli, ninasema nini hasa? Kwamba nilimdanganya mtu nyumbani kwangu miguu yake ikiwa kwenye nyasi nilizomtandikia?

“Tunashukuru kwa kutualika,” nikasema, nikaketi.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, dada aliachia.

“Mdomo umeuacha wapi, mwanamke? Buganguzi? Basi rudi ukauchukue!”

“Dada, ungefanyaje?”

“Ningesema hapana. Ni neno dogo, halihitaji hata nauli.”

“Alikuwa mgeni wetu.”

“Hapa je? Hapa ni mgeni wa nani?”

“Hapa mimi ndiye mgeni.”

Dada alianza kucheka, akaacha katikati.

“Kwa hiyo kwenu huwezi kumpinga kwa sababu yeye mgeni, na kwao huwezi kumpinga kwa sababu wewe mgeni. Sasa mdogo wangu, hebu niambie, mtu kama wewe anabishania wapi? Ziwani?”

Niliona aibu, na chini ya aibu niliona hofu, maana alikuwa amesema kweli na sikuona pa kutokea. Niliijua njia ya kila ofisi ya Muleba na Bukoba. Nilijua walinzi kwa sura. Na bado nilikuwa nimefungiwa ndani ya kitu ambacho hakikuwa na mlango wala askari, kitu nilichofundishwa kwa upendo na mwanamke mwema aliyenipokea ukweni.

Kanuni mpya zikapita. Mstari wetu ulikuwemo. Kahawa ya kutafuna itaruhusiwa, ilimradi iwe imetengenezwa kwa matunda mekundu yaliyoiva. Ndiyo kusema, ya kijani sasa ilikatazwa kwa jina lake. Mwanzoni tulikuwa tumesahauliwa, na aliyesahauliwa anaweza kujificha. Sasa tulikuwa tumekumbukwa. Kesi ya dada, iliyokuwa inaning’inia kwa sababu hakuna aliyejua kahawa yake ni kitu gani, ikapata miguu.

Tulijaribu, nisiseme hatukujaribu. Tulinunua nyekundu chama cha msingi, kwa risiti. Ikapasuka kama tulivyojua itapasuka. Tukaianika juu ya turubai, nyuki wakaja kutoka vibanja vya jirani, sisimizi wakafuata, na zilizobaki zikawa na harufu ya pombe iliyoharibika. Dada alizipeleka stendi kwa kuwa zilikuwa halali. Mteja wake wa siku zote alitafuna moja, akaitema kwenye mtaro, akamuuliza kama ana ugomvi naye.

Ya kijani tukaendelea kuitengeneza, kidogo, kwa ajili ya nyumbani. Lakini haikuwa tena kazi ya uani. Mama mkwe aliifunika kwa mikeka mikuukuu kule uchagani, na mgeni akija alifunga mlango wa jikoni kabla ya kuiteremsha. Siku moja nilimkuta amesimama nyuma ya pazia na kikapu mkononi, anasikiliza sauti ya aliyebisha hodi ili ajue kama ni mtu wa kupewa. Mwanamke aliyewakirimu maaskofu na wachuuzi kwa kikapu kile kile. Aliponiona aliona haya.

“Nitakufa nikiwa mwizi wa kahawa yangu,” akaniambia kwa Kihaya.

Moyo uliniuma kuliko siku ya ukumbini. Na hata hapo sikuweza kumwambia nilichokuwa nakifikiri, kwamba ni sheria yake mwenyewe ndiyo iliyotufikisha pale. Mama mkwe naye hapingwi.

Mwaka uliofuata afisa akaja tena, na wenzake wawili, kuangalia jinsi utaratibu mpya unavyokwenda. Hakuwa na hila, nalisema hili kwa haki yake. Aliingia uani akiita salamu kama mtoto wa nyumba. Safari hii ilikuwa Jumanne, na dada alikuwapo, amekuja kutushika mkono kwa maneno yake mwenyewe, yaani kunichunga.

Nyasi zilitandikwa. Hilo halikwepeki. Nikaenda jikoni kuchukua kikapu, na huko nikasimama kidogo. Uchagani, chini ya mikeka, ilikuwapo ya kijani. Kwenye beseni lilikuwapo salio la nyekundu. Nikajaza nyekundu.

Nikaketi mbele yake, nikafunua, nikachukua punje ya kwanza kama inavyotakiwa. Nikaitafuna. Ilinata kwenye meno, kisha uchachu ukapanda mpaka puani. Niliendelea kutafuna nikimtazama. Akachukua ya kwake, akaitia mdomoni.

Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo kwa mwaka mzima. Niliona taya zake zinapunguza mwendo. Niliona macho yanakwenda kwa wenzake, kisha kwa mama mkwe, kisha kwangu. Nikasema moyoni, sasa. Sasa atasema mwenyewe.

“Nzuri,” akasema. “Nzuri sana, mama. Mmeweza.”

Mwenzake mmoja akaandika.

Kumbe naye! Kumbe alilelewa na bibi yule yule tuliyelelewa naye sisi sote. Alikuwa amekaa pale na uozo mdomoni, mtu mzima, mwenye cheo, na hakuweza kusema neno moja kwa sababu alikuwa nyumbani kwa watu. Angeumeza. Angerudi Bukoba aseme ni nzuri, kama sisi tulivyosema wazo lake ni zuri, na mwaka unaofuata tungekuwa pale pale, tunalishana kitu kibaya na kushukuriana, mpaka mmoja wetu afe.

Sikupanga nilichofanya. Nilinyoosha mkono, kiganja juu, mpaka chini ya kidevu chake, kama unavyomfanyia mtoto aliyeokota kitu chini.

“Iteme,” nikasema.

Mwanamke mmoja nyuma yangu alivuta pumzi.

“Mama, mimi nimesema ni—”

“Si nzuri. Ni mbaya, unajua ni mbaya, na mimi nilijua tangu siku ile ulipotuambia. Wazo lako halikuwa zuri. Nilikudanganya kwa heshima. Iteme, mwanangu.”

Alikuwa karibu rika langu, sijui kwa nini nilimwita mwanangu. Akanitazama, macho yamemlegea. Kisha akainama, akaitema kiganjani mwangu.

Hakuna aliyeitikia. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Nikasikia nyasi zinachakarika, mama mkwe anainuka, na nikajua nimemvunjia nyumba. Akatoka. Nilikaa na kile kitu mkononi, cha moto bado, nisijue nikipeleke wapi. Kutoka jikoni nikasikia mikeka inaburutwa. Akarudi na kikapu kile kile, akaketi mahali pangu, akachukua punje moja, akaitafuna mbele ya watu wote watatu wa serikali, mlango wazi. Akamsogezea afisa.

Akachukua. Wenzake walitazama chini. Alitafuna muda mrefu bila kufumba macho.

“Hii ndiyo,” akasema kwa sauti ndogo. “Lakini kanuni zimeshapita, mama. Mimi peke yangu siwezi kuzirudisha. Nitasema nini huko?”

“Useme ulichokula,” dada akamjibu.

Akasema atajaribu. Huenda alijaribu. Ninapoandika haya mstari ule bado ni ule ule, na Jumatatu dada bado anaripoti, ingawa siku hizi tunakwenda wote wawili.

Siku ile, tulipomsindikiza mpaka kwenye gari, alisita mlangoni. Akamwinamia mama mkwe sikioni, kwa Kihaya, kama mjukuu. Alisema baba yake ni mgonjwa, hawezi kula vizuri, lakini ile ya kijani angeitafuna. Kama kungekuwa na kifurushi kidogo tu.

Mama mkwe akamshika mikono yote miwili. Katika maisha yangu yote ukweni sikuwahi kumwona akimwacha mgeni aondoke hivi hivi.

“Hapana, mwanangu,” akamwambia. “Njiani kuna kizuizi.”